Mguu wa Kushoto wa Emil Zupan

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya uamuzi kwenye ligi ya besiboli ya pwani, nilimfahamu Emil Zupan kwa kisogo kuliko kwa uso. Mdakaji huchuchumaa mbele, mwamuzi huinama nyuma yake, pua karibu na bega lake, wote wawili wakiukodolea macho mpira unaotoka kwa mrushaji, na mwamuzi ndiye anayesema kama umepita sawa au la. Ndivyo tulivyozeeka mimi na yeye. Kisogo chake nilikijua kikiwa na nywele nyeusi, nikakijua kikiwa na mvi, na mwishoni kikawa na mikunjo miwili iliyojaa vumbi la uwanja. Maneno yake pia nimeyasikia yote, kwa sababu Emil hakuumbiwa kunyamaza.

Lakini alikuwa na adabu ya kazi. Mdakaji mwenye adabu hageuki kubishana na mwamuzi. Akigeuka tu, uwanja mzima unajua kuna ugomvi, watu wanaanza kuzomea, mito ya kukalia inaanza kurushwa, na mwamuzi anabaki pale juani kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo Emil alinitukana akiwa ametazama mbele, midomo haichezi, kama mtu anayesali.

"Tench, ile ilipita katikati kabisa."

"Ilikuwa chini."

"Chini ya nini, ya pua yako? Mama yangu angeiona, na yuko Pueblo."

"Mwite basi aje achuchumae yeye."

"Angekuja. Tatizo hapandi treni kufuata vipofu."

Kisha mpira mwingine unakuja, anaudaka, tunaendelea. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Nje ya uwanja waamuzi na wachezaji hawakai meza moja, ndiyo desturi, kwa hiyo ningeweza kusema kwamba hatukuwa marafiki. Sijui tungeitwa nini.

Kiangazi cha mwaka 1949 Emil alikuwa amefika miaka arobaini na moja, na magoti yake yalikuwa yamefika zaidi. Mwezi wa saba meneja wa timu ya Long Beach, Grady Stroud, alimwita ofisini akamwambia ana vijana wawili wa kudaka na hana nafasi ya tatu. Hakumwambia vibaya. Stroud si mtu mbaya, ni meneja tu. Emil akachukua glavu yake na barakoa yake ya waya, akaenda nyumbani kwa mkewe Josefa, akakaa jikoni siku nzima bila kuvua kofia.

Kazi nyingine alikuwa nayo, na kwa macho ya watu wengine ilikuwa kazi ya kuonewa wivu. Emil alikuwa akionekana kwenye sinema. Huku kwetu si ajabu. Studio ziko jirani, wachezaji wanatafuta chochote cha kufanya majira ya baridi, na watu wa sinema wanahitaji wanaume wanaoweza kudaka mpira bila kufumba macho. Mrefu, mabega mapana, pua iliyovunjwa mara kadhaa: Emil alipendeza kwenye kamera kwa namna ya jambazi. Basi walimtumia miaka nenda miaka rudi. Shida ni kwamba kila sinema ina shujaa mmoja, na shujaa lazima amshinde mtu. Huyo mtu alikuwa Emil. Kama si kudondosha mpira ni kuanguka kifudifudi, kama si kuanguka ni kusimama mdomo wazi akitazama mpira ukivuka ukuta. Baba yake, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma cha Pueblo maisha yake yote, alikwenda kuitazama moja, akatoka katikati, akawaambia majirani waliokuwa mlangoni kwamba yule si mwanawe.

Emil aliniambia habari hiyo akicheka. Sikuona la kuchekesha.

Josefa alitaka aache uwanja moja kwa moja, achukue kazi ya kudumu studio. Alikuwa na haki. Ndiye aliyekuwa akimkanda magoti kwa maji ya moto kila jioni, ndiye aliyejua vidole vyake vya mkono wa kulia haviwezi tena kufunga kifungo cha shati. Lakini Emil alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, na alikitaja waziwazi kwa yeyote aliyemsikiliza: arudi kwenye timu mwaka mmoja zaidi. Hakutaka sifa. Alitaka aondoke akiwa mdakaji, asiondoke akiwa yule mtu wa kwenye sinema.

Mimi niliingiaje humo? Mwezi huohuo wa saba mpira uliokatwa vibaya na mpigaji ulinivunja kidole cha mguu, ligi ikanipumzisha. Wakati nipo nyumbani nikigombana na dada yangu kwa sababu ya redio, Emil akanipigia simu. Kulikuwa na sinema inatengenezwa, uwanja ni uleule wetu wa Long Beach, timu ikiwa safarini. Mwongozaji, mtu anayeitwa Lasker, alikuwa amechoka na waigizaji wanaocheza uamuzi wakipunga mikono kana kwamba wanasimamisha teksi. Alitaka mwamuzi wa kweli.

"Nimewaambia ninaye mmoja," Emil akasema. "Nimewaambia ni kipofu lakini ana sauti."

"Mguu wangu umevunjika."

"Utasimama tu, Tench. Kazi yako siku zote ni kusimama tu."

Nikaenda. Sababu nilijiambia ni dada yangu na redio.

Sehemu yetu katika sinema ile ilikuwa ndogo na ilikuwa ndiyo mwisho wenyewe wa hadithi. Shujaa anakimbia kutoka kituo cha tatu kuja nyumbani, yaani kile kibao cheupe kilichofukiwa ardhini, miguuni mwa mdakaji. Mpira unarushwa kutoka mbali kumuwahi. Mdakaji anaudaka, anajaribu kumgusa shujaa nao kabla hajafika, maana akiguswa ametoka, anachelewa. Shujaa anateleza, anagusa kibao. Mimi nanyosha mikono naita "Salama!", timu inashinda, msichana analia jukwaani. Basi.

Shujaa alikuwa Desmond Vale. Mnamjua kwa sura. Nilijitayarisha kumchukia, nikashindwa. Alikuwa kijana mpole, anasalimia kila mtu, anaomba radhi hata kwa kamera akiigonga. Ila kukimbia hakujua. Alikimbia kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Mara ya kwanza kabisa mpira ulirushwa, Emil akaudaka, Vale akaja. Na mguu wa kushoto wa Emil ukafanya ulichokuwa ukifanya tangu alipokuwa kijana: goti likashuka, ugoko ukalala kuvuka njia, kibao kikafungwa. Hivyo ndivyo mdakaji anavyolinda nyumbani. Mpira akiwa nao mkononi njia ni yake, na anayekuja atakutana na ule mguu kama anavyokutana na kizingiti. Vale alikutana nao. Akaruka juu, akatua kwa uso, damu ikamtoka puani. Watu wa studio wakakimbia kutoka kila upande, mwenye poda, mwenye taulo, mwenye kiti.

Emil akabaki amesimama na mpira wake. "Ametoka," akasema.

Na kweli alikuwa ametoka. Nilicheka mpaka kidole kikaniuma.

Lasker hakucheka. "Bwana Zupan, shujaa wangu anatakiwa afike nyumbani."

"Basi apite mlango wa nyuma, bwana mkubwa. Huu nimeufunga."

"Naomba mguu huo uutoe."

"Nimeshautoa. Umerudi wenyewe."

Hakuwa anafanya mzaha. Walijaribu tena, mguu ukashuka tena. Safari hii Vale alijirusha pembeni mapema kama paka aliyeona maji. Wakajaribu tena. Emil alikubali, aliahidi, alitikisa kichwa, na mpira ulipotua kwenye glavu, mguu ulikwenda kulala mahali pake. Ilibidi Lasker alete mtu wa kupiga makofi. Walichora mstari wa chaki njiani. Vale akiukanyaga, yule mtu anapiga kofi moja, na Emil anasikia kofi anavuta mguu nyuma, anaacha njia wazi, kisha anazungusha glavu kwa kuchelewa.

Hivyo ndivyo tulivyoshinda siku zile. Kofi, mguu, vumbi, "Salama!" Kofi, mguu, vumbi, "Salama!" Ikipatikana nzuri, kamera imekwama. Kamera ikipona, wingu limepita. Wingu likiondoka, Vale amepauka, apakwe tena. Tukila mchana ni mkate na nyama baridi, tumekaa chini ya kivuli cha jukwaa tukiwa na mavazi yote, kwa sababu kuvaa upya ni kazi nyingine. Emil alikuwa akilala pale pale, amekaa, mkate mkononi. Sijawahi kuchoka hivyo katika mchezo wa kweli, hata ile michezo miwili kwa siku moja. Mchezo wa kweli unakwisha. Kile kitu kilikuwa hakiishi, kilikuwa kinaanza tu.

Jambo jingine lililoniudhi: Lasker alitaka baada ya "Salama!" Emil ageuke anipigie kelele usoni, mikono juu.

"Mdakaji hageuki," Emil akamwambia.

"Watazamaji watataka kuona hasira yako."

"Hasira yangu Tench anaijua. Haihitaji kuonekana."

Mimi nilimuunga mkono, na nilimweleza Lasker kwa maneno makali kidogo. Lakini mwenye sinema ni mwenye sinema. Mwisho Emil aligeuka. Tulikuwa hatujatazamana uwanjani hivyo hata mara moja, na sasa alipotazama, hakuwa na la kusema ila yale aliyoandikiwa: "Hapana! Haiwezekani!" Alikuwa amewiva masikio. Niliona aibu kwa niaba yake, nikatazama shingo yake badala ya macho.

Kisha ikafika siku ikatoka sawa. Mtu wa makofi alikuwa amechelewa kurudi kutoka chooni, Lasker akasahau kumsubiri, Vale akaja mbio. Hakukuwa na kofi. Emil alidaka, mguu ukavutika wenyewe, laini, kwa wakati wake, njia ikawa wazi, glavu ikazunguka na kuchelewa kwa unene wa kidole. Nikaita. Hata mimi ningeamini. Studio nzima ikapiga makofi, Vale akamkumbatia Emil, na Lasker akaja mpaka kwenye kibao akamshika mkono.

"Bwana Zupan, sasa umekuwa mwigizaji."

Akamwambia pale pale kwamba studio ingempa mkataba wa mwaka, afundishe waigizaji wao mchezo na kuonekana kila inapohitajika. Jibu walilitaka Jumatatu baada ya wiki mbili.

Josefa aliponiletea mkate wake wa karanga za jozi na asali jioni ile, kwa kunishukuru eti nimemsindikiza mumewe, alikuwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona. "Shemeji," akaniambia, "mwambie wewe. Mimi hanisikii."

"Mimi nimemwambia mambo miaka yote hii, shemeji. Hakuna hata moja alilokubali."

Wiki mbili hazikwisha. Mdakaji wa kwanza wa Long Beach alivunjika kidole gumba, wa pili akapelekwa kukatwa kidole tumbo, na msimu ulikuwa umebaki na mchezo mmoja, Jumapili, dhidi ya Fresno. Grady Stroud akaenda mwenyewe nyumbani kwa Emil. Josefa ndiye aliyenisimulia, kwa hasira, jinsi meneja alivyosimama jikoni kofia mkononi.

"Emil, nina shimo nyuma ya kibao," Stroud alisema. "Unaweza?"

"Naweza."

"Magoti je?"

"Magoti ni yangu, usiyaulize. Nitapata nini?"

Stroud alifikiri. "Nilindie nyumbani Jumapili, nikuone. Ukinionyesha bado upo, mwakani una nafasi. Utadaka siku mojamoja, na utanifundishia vijana."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Josefa akaingilia kati akasema studio wanataka jibu Jumatatu. Emil akamwambia Jumatatu watalipata. Mwanamke yule alilia, akaniambia alilia, na mimi kwa siri nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Kidole changu kilikuwa kimepona, ligi ilikuwa imeniita, na karatasi ya kazi ya Jumapili ilinipanga nyuma ya kibao.

Siku ile joto lilikuwa la kukausha ulimi. Emil alitoka kwenye benchi amevaa kila kitu, akatembea polepole kuja nyumbani, na jukwaa likamshangilia kidogo, wale waliomkumbuka. Alipochuchumaa nilisikia magoti yake yakilia, yote mawili, moja baada ya jingine.

"Umenenepa, Tench," akaambia hewa iliyo mbele yake.

"Umezeeka."

"Jitahidi leo uone chochote. Angalau jua."

"Cheza mpira wako."

Na alicheza. Sitaki kumpamba, kwa hiyo nasema tu nilichokiona: hakupitwa na mpira hata mmoja. Alimwongoza mrushaji, kijana mwenye hofu, kama mtu anayemvusha mwenzake barabara. Aliomba mipira ya chini, akaipata. Mkimbiaji mmoja wa Fresno alijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, Emil akamwahi kwa mrusho ulionyooka, na nikamsikia akiguna kwa maumivu na raha pamoja. Maneno hayakumwisha. Alinilalamikia kila mpira wa karibu. Alinitajia miwani, mbwa wa kuongoza vipofu, na bibi yake marehemu. Nilitamani jua lisishuke.

Duru ya tisa ikafika, ya mwisho, timu zikiwa sawasawa. Fresno walikuwa wakipiga. Walikuwa na mkimbiaji kituo cha pili, jibaba lenye mapaja kama magogo. Mpigaji wao akaupiga mpira chini kwenda kulia, ukapenya. Jibaba likaanza kukimbia, likazunguka kituo cha tatu bila kupunguza, likaja nyumbani. Kijana wa Long Beach wa upande wa kulia aliuokota mpira vizuri akaurusha vizuri zaidi. Nikavua barakoa yangu nikasogea pembeni ili nione.

Mpira ulifika mapema. Hilo lazima lieleweke. Uliruka mara moja kwenye majani ukaingia kwenye glavu ya Emil, na yule mtu alikuwa bado yu mbali, hata kuteleza hajaanza. Hakuna mdakaji aliyewahi kupewa mpira mzuri kuliko ule. Emil hakubakiwa na kazi ila kufunga mlango.

Goti la kushoto likaanza kushuka. Niliona. Likashuka nusu. Jibaba likafika pale ambapo kwenye sinema tulichora chaki, na mguu wa Emil Zupan ukavutika nyuma, laini, kwa wakati wake, ukaacha kibao chote wazi kama sahani mezani. Glavu ikazunguka kutoka pembeni. Kiatu cha yule mtu kikagusa kibao, halafu ndipo glavu ikatua pajani mwake.

Nikanyosha mikono. "Salama!"

Uwanja ukaguna. Vumbi likatulia. Emil alikuwa amepiga goti moja, anautazama mguu wake wa kushoto kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemkuta kitandani mwake. Nilingoja. Nilichukua brashi yangu nikainama kusafisha kibao, nikakisafisha mpaka kikang'aa, nikaendelea kusafisha, ili apate muda. Ndivyo tunavyofanyiana sisi. Mdakaji akiumia mwamuzi anasafisha kibao. Nilikuwa nangoja anitukane.

"Sema basi," nikamnong'oneza.

"Endelea na mchezo, Tench," akasema.

Zamu ya Long Beach ya kupiga ilikuja, hawakupata kitu, Fresno wakashinda kwa lile bao, mchezo ukaisha, msimu ukaisha.

Chumba cha waamuzi pale uwanjani ni kidogo, kiko nyuma ya banda la kukaangia soseji, na kinanuka vitunguu mwaka mzima. Mwenzangu alikuwa ameshakimbilia treni. Nilikuwa nafungua kamba za viatu mlango ukagongwa. Mchezaji haruhusiwi kuingia kwa waamuzi, na Emil alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliingia. Alikuwa bado amevaa kinga za miguu, kofia imegeuzwa nyuma. Akajikalisha kwenye benchi kwa mikono, taratibu, kama anashusha mzigo wa mtu mwingine.

"Stroud amenipita pale koridoni," akasema. "Amenipiga bega. Amesema studio wana bahati."

"Amesema hivyo tu?"

"Ungesema nini zaidi wewe?"

Tulikaa. Kwenye banda walikuwa wanakwangua karai.

"Josefa yuko nje," akasema. "Ananingoja. Kule jukwaani hakuwa peke yake, alikuja na dada zake wote, wamevaa vizuri." Akafikicha goti. "Tench, nataka kukuuliza kitu. Ulimwona yule mtu akigusa? Au mdomo ulikuwa umeshazoea?"

"Kuzoea nini?"

"Wiki zote zile. Mtu anakuja, vumbi linaruka, wewe unaita salama. Sauti ilikuwa ileile. Nimeisikia. Ilikuwa ile ya studio."

Nilimwona. Sijawahi kuona kitu waziwazi hivyo maishani mwangu. Kiatu, kibao, halafu glavu. Ungewaleta waamuzi wote wa ligi wangekwambia vilevile. Na kazi yetu sisi haina kitu kingine. Hatuna mashabiki, hatuna timu, picha zetu hazibandikwi popote. Tuna neno moja tunalolitoa mara moja, na hatulirudii nyuma. Nimefukuza wachezaji wakubwa kwa kuniuliza tu kama nina hakika. Mwamuzi akishasema hajui, aende akafuge kuku.

Lakini nilikuwa nimemtazama usoni. Kwa kisogo sikuwa nimegundua. Ulikuwa uso wa mzee aliyechoka, ambaye hajui atatoka vipi kwenye mlango ule akakutane na mkewe na mashemeji waliovaa vizuri. Mguu aliujua. Kuhusu mguu hakuniuliza chochote, mguu alikuwa ameshaukubali. Alikuwa anaomba kidogo tu kilichobaki, kwamba hata mguu ulipomsaliti, mkono wake uliwahi. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

"Sijui, Emil," nikasema.

Akainua kichwa. "Hujui nini?"

"Sijui kama niliona. Mtu alikuja, vumbi likaruka, mdomo ukafunguka. Huenda ulimgusa."

"Huenda?"

"Huenda ulimwahi."

Alinitazama. Kisha nikaona damu inarudi, kuanzia shingoni, inapanda. "Kwa hiyo nilimgusa."

"Nimesema huenda."

"Huenda kitu gani? Nilimgusa! Nilimsikia kwenye glavu, yuko hewani bado yule ng'ombe. Hewani, Tench." Akasimama. Sijui magoti yale yaliyatoa wapi nguvu, lakini alisimama mara moja, bila kushika ukuta. "Miaka yote hii nakwambia wewe kipofu, watu wanadhani natania. Kumbe leo umeamua kuwa mwigizaji. Kwangu mimi. Katika mchezo wangu wa mwisho."

Alilisema mwenyewe hilo la mchezo wa mwisho. Hakuna kati yetu aliyeligusa.

"Toka humu," nikamwambia. "Wachezaji hawaruhusiwi."

"Natoka. Nani atakaa na mwizi?" Akafika mlangoni akageuka. "Ningekuwa na mwamuzi mwenye jicho moja tu, moja, saa hizi niko na Stroud tunapanga mwakani."

"Nenda zako, Emil."

Akaubamiza mlango, kinga za miguu zikigongana koridoni. Nilimsikia Josefa akimwita, na yeye akimjibu kwa sauti kubwa, ile sauti niliyoizoea, kwamba wamemwibia, kwamba Tench mwenyewe amekiri kwa mdomo wake. Josefa akasema alijua tangu palepale, alikuwa amekaa upande ule, aliona kwa macho yake yule mtu akiguswa. Dada zake nao wakasema waliona. Wakaenda zao kuelekea kwenye magari wakizungumza wote kwa pamoja, Emil akiwa mbele, anawaeleza ilivyokuwa. Mimi nikamalizia kufungua viatu.